Magoti yangu yanataka jangwa, mke wangu anataka kubaki kwenye theluji

BARUA

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 63. Mke wangu ana miaka 61. Tunaishi Minneapolis, Minnesota, na huu ni mwaka wa 27. Mimi nafanya kazi ghalani, mama watoto ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee. Watoto wanajitegemea, wawili kati yao wapo hapa hapa mjini, na mkopo wa nyumba tumebakiza kidogo.

Adui yangu ni baridi. Magoti yote mawili yameisha, na kila Novemba nikianza kuvaa makoti naona kama naingia jela. Mwaka juzi niliteleza kwenye barafu mlangoni nikavunjika kifundo cha mkono. Kuanzia hapo hadi Machi sitoki ila kwenda kazini.

Rafiki yangu alistaafu akahamia Phoenix, Arizona. Nimemtembelea mara mbili, Desemba moja na Februari moja. Kila siku jua, watu wa umri wangu wanatembea kwa kaptula, magoti hayakuniuma hata siku moja. Anakaa kwenye mtaa wa wenye miaka 55 na kuendelea, kaskazini-magharibi mwa mji. Kuna bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi, wazee wanakwenda dukani kwa vigari vya gofu. Mtaani kwao kuna nyumba inauzwa dola 365,000. Imejengwa 2001, ina paa la vigae, kiyoyozi kilibadilishwa 2009 na muuzaji anasema kinapuliza vizuri. Juu ya paa kuna paneli za sola, kwa hiyo bili ya umeme ni ndogo. Mpango wangu ni kustaafu nikifika 64, kuanza kuchukua Social Security (pensheni ya serikali), kuuza nyumba ya hapa na kununua ile. Dalali anataka amana ya dola 5,000 kabla mwezi haujaisha.

Mke wangu hataki kusikia. Anasema kwaya yake ipo hapa, wajukuu wapo hapa, na yeye haendeshi gari kwenye haiwei. Mjukuu wetu wa miaka 14 hukaa kwetu likizo yote ya kiangazi kwa sababu wazazi wake wanafanya kazi zamu. Nilipomwambia mke wangu kwamba mjukuu atakuja huko huko Phoenix, akaniuliza, "Julai?" kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya chakula na bili tu.

Afya zetu: mimi nina presha, nameza ile dawa inayokukojoza mara kwa mara. Yeye ana kisukari, anatumia vidonge na insulini.

Nimefanya kazi maisha yangu yote. Je, ni kosa kutaka miaka iliyobaki niipitishe juani? Na nimshawishi vipi mwenzangu?

Baba wa Watatu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo.

Si kosa hata kidogo. Mtu aliyevunjika mkono mlangoni kwake ana haki ya kuuogopa mlango huo, na miaka 27 ya kusukuma theluji si mchezo. Naielewa barua yako hivi: mwili wako umechoka na baridi, umeona mahali palipokupa nafuu, una nyumba mkononi na tarehe ya amana inakaribia, na mwenzako amesimama upande wa pili. Umeniuliza namna ya kumshawishi. Kabla ya hapo naomba turudi kwenye neno moja alilokuuliza, kwa sababu naona kama ndani yake mna barua nzima ambayo hajaiandika.

Alisema "Julai?"

Phoenix unayoijua wewe ni ya Desemba na Februari. Hiyo ni kweli, ila ni nusu ya mwaka. Kwa kawaida mji huo hupata zaidi ya siku 100 kila mwaka ambazo joto hufika au kupita nyuzi 38 za Selsiasi, yaani 100 za Fahrenheit. Mwaka 2023, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, zilipita siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43 au zaidi. Usiku nao haukusaidia, maana zege na lami hula joto mchana kutwa na kulitema baada ya jua kuzama. Mwaka huo kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix ipo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Karibu nusu yao walikuwa watu wasio na makazi. Lakini wapo waliofia ndani ya nyumba zao, na katika nyumba nyingi kati ya hizo kiyoyozi kilikuwepo, ila hakikuwa kinafanya kazi.

Kwa hiyo ile jela uliyoitaja, mzee wangu, haiishi kwa kuhama. Inabadilisha miezi. Minneapolis inakufunga Novemba hadi Machi, Phoenix itakufunga kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba au zaidi. Wenyeji hutoka kutembea saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa tatu asubuhi mapazia yameshafungwa. Kwa mtu mwingine hayo ni mabadilishano mazuri, kwa sababu joto halina barafu ya kuteleza na gari halifukiwi na theluji. Huenda hata kwako ni mazuri. Ila ni mabadilishano, na ungeyafanya ukiwa umeonja upande mmoja tu.

Kuhusu magoti, nakuomba usiweke tumaini lote hapo. Tafiti kuhusu hali ya hewa na maumivu ya viungo hazikubaliani. Wengine hupata nafuu kwenye hewa kavu, wengine hawaoni tofauti. Kumbuka pia kwamba kule ulikuwa mapumzikoni, hubebi mizigo ghalani, unatembea kidogo kidogo kila siku na unalala vizuri. Hayo peke yake hulainisha goti. Itafaa kumuuliza daktari wako ni kiasi gani cha nafuu ile kingepatikana kwa kuacha kazi ya kubeba na kupata mazoezi ya viungo hapo hapo ulipo.

Lipo jambo la afya ambalo madalali hawalitaji, na linatuhusu zaidi sisi weusi. Kwenye udongo wa kusini mwa Arizona huishi kuvu aitwaye Coccidioides. Vumbi likipeperushwa, iwe kwa ujenzi au kwa dhoruba za vumbi za msimu wa mvua, mbegu zake huvutwa na pumzi. Ugonjwa wake hujulikana kama homa ya bonde. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, na mtu hamwambukizi mwenzake. Wanaougua hupata homa, kikohozi, uchovu wa wiki nyingi, jasho la usiku, na maumivu ya viungo, hata zamani ukaitwa baridi yabisi ya jangwani. Tatizo ni kwamba unafanana na nimonia, na mgonjwa anaweza kupewa dawa za bakteria ambazo kwa kuvu hazisaidii kitu. Hatari ya ugonjwa kutoka mapafuni na kusambaa hadi kwenye mifupa, ngozi au utando wa ubongo ni kubwa zaidi kwa watu weusi, na kisukari nacho huongeza uzito wa ugonjwa mapafuni. Hili lisikutishe ukafuta safari. Ila mkifika kule, kikohozi kikipita wiki moja au mbili, ombeni kipimo cha damu cha homa ya bonde kwa jina lake. Mkirudi Minnesota mkaugua, mwambieni daktari mlikotoka, kwa maana huko hawaoni wagonjwa wengi wa aina hiyo na hawatalifikiria haraka.

Dawa zenu nazo zinakutana na joto. Dawa yako ya presha hutoa maji na chumvi mwilini. Ukiongeza jasho la nyuzi 43, kizunguzungu na kuanguka si mbali, na tayari umeshaanguka mara moja. Usiiache wala usipunguze dozi kwa uamuzi wako. Mwulize daktari kabla ya kiangazi kama ibadilishwe, na unywe maji kiasi gani. Insulini ya mama watoto isiyofunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na nyingi zikishafunguliwa zisipite nyuzi 30. Kwa hiyo haikai ndani ya gari hata dakika za kuingia dukani, na isiletwe kwa posta ikaachwa kwenye sanduku la barua mchana. Halafu miguu: kisukari kikishapunguza hisia za nyayo, mtu anaweza kukanyaga lami au ukingo wa bwawa pekupeku mchana wa Julai akaungua bila kuhisi. Viatu vikae mlangoni daima.

Sasa tuiangalie nyumba yenyewe, maana maelezo uliyoyatoa yanasema mengi kuliko muuzaji alivyokusudia.

Kiyoyozi cha 2009 katika jangwa ni mzee kabisa. Mashine hizo kule hufanya kazi karibu nusu ya mwaka bila kupumzika, na nyingi huchoka kati ya miaka 10 na 15. Kupuliza vizuri Februari hakuthibitishi chochote. Soma kibandiko cha mashine ya nje. Mashine nyingi za kabla ya 2010 zilitumia gesi ya R-22, ambayo tangu 2020 haitengenezwi tena Marekani wala kuingizwa nchini, na ile iliyobaki ni ghali. Ikivuja, mara nyingi unaishia kununua mashine mpya, na kama ni Julai utasubiri fundi pamoja na mji mzima. Ukinunua nyumba yoyote kule, uliza ina mashine ngapi. Zikiwa mbili, moja ikifa mnahamia chumba cha upande wa pili mkalala salama. Angalia pia madirisha ya magharibi, kwa maana jua la alasiri huingia hapo, na nyumba mbili za ukubwa sawa zinaweza kutofautiana sana kwa bili kwa sababu hiyo tu.

Paa la vigae: kigae chenyewe hudumu miaka mingi, lakini turubai lililo chini yake ndilo linalozuia maji, na kwenye joto lile hukauka na kupasuka baada ya miaka 20 hadi 25 hivi. Nyumba ya 2001 imeshafika hapo. Ukitazama kutoka barabarani paa litaonekana jipya. Mwambie mkaguzi ainue vigae kadhaa.

Paneli za sola ni za muuzaji au za kukodi? Zikiwa za kukodi, mkataba mara nyingi humfuata mnunuzi, na malipo yake huweza kupanda kila mwaka. Bili ndogo ya umeme uliyoonyeshwa huenda haikujumuisha malipo hayo. Omba bili za miezi 12, za umeme na za sola, na zisome kuanzia Julai na Agosti.

Kuhusu amana: mkataba wa kawaida wa kuuza nyumba Arizona humpa mnunuzi siku 10 za ukaguzi, na ndani ya siku hizo anaweza kujitoa na kurudishiwa amana akifuata utaratibu wa maandishi. Usitoe hata senti kabla ya kuona kipengele hicho na kuhesabu siku zake. Umuulize dalali pia anamwakilisha nani, wewe au muuzaji.

Halafu kuna sheria za mtaa, na hapa ndipo swali la mama linaponigusa. Sheria ya taifa inaruhusu mitaa ya aina hii kuwazuia vijana mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Kila mtaa hujiwekea kanuni nyingine, na mingi huweka kikomo cha siku ambazo mtoto anaweza kukaa kama mgeni kwa mwaka mzima. Likizo ya kiangazi ya Minnesota ni karibu miezi mitatu. Mjukuu wako anaweza kukigonga kikomo hicho, akiwa amefungiwa ndani mwezi ambao nje hapachezeki. Kwenye chama cha wamiliki wa nyumba za mtaa huo uliza pia ada ya mwezi, akiba waliyonayo ya matengenezo makubwa, na kama kuna mchango maalumu umepangwa. Arizona inataka mnunuzi apewe nyaraka hizo ndani ya siku 10 baada ya chama kuarifiwa kuhusu mauzo, kwa hiyo zidai mapema ili zikufikie kabla siku zako za ukaguzi hazijaisha. Sifa zote za mtaa huo, bwawa, ukumbi na vigari, zimo humo zimeandikwa kwa bei yake.

Swali la maji watu huliogopa zaidi kuliko inavyostahili ndani ya mji, na huliogopa kidogo mno nje ya mji. Tangu sheria ya 1980, mitaa mipya yenye viwanja sita au zaidi kandokando ya Phoenix hutakiwa kuonyesha uhakika wa maji kwa miaka 100. Wajenzi wengine hukwepa kwa kukata viwanja vitano vitano. Rio Verde Foothills, eneo la pembezoni lililokatwa viwanja kwa namna hiyo, ilijulikana Januari 2023 pale jiji jirani la Scottsdale lilipoacha kuwauzia maji ya malori. Ukiona nyumba ya bei nafuu mno pembezoni, swali la kwanza liwe nani anayeleta maji.

Kwenye fedha, nakuomba uketi na mtu wa mahesabu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, umri wa kupata kiwango kamili cha Social Security ni 67. Ukianza ukiwa na 64 kamili, kiwango chako hupungua kwa asilimia 20, na punguzo hilo hudumu. Pengo la bima ya afya linanisumbua zaidi. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, huanza ukiwa na 65 na humhesabu kila mtu peke yake. Wewe utakuwa na mwaka mmoja bila bima ya kazi, mama, wewe ukiondoka na 64, atakuwa na 62, yaani miaka mitatu, na ana kisukari. Kama bima yenu inatoka kazini kwake, kumhamisha maana yake ni kuikata. Na ukifika 65, una miezi sita tangu Sehemu B ya Medicare (inayolipia madaktari) ianze, ya kununua bima ya nyongeza, ile inayolipa sehemu ambayo Medicare hailipi, bila kuulizwa magonjwa yako. Kampuni nyingi huvutia wastaafu kwa mipango ya Medicare Advantage, yaani ya kampuni binafsi badala ya Medicare ya kawaida, isiyo na malipo ya mwezi, lakini hospitali na madaktari wake hupangwa kwa kaunti, na ukitaka kutoka baadaye kampuni za bima ya nyongeza zinaweza kukukataa kwa sababu ya afya.

Kodi ya mapato Arizona ni asilimia 2.5 na Social Security haitozwi na jimbo hilo. Hiyo ni faida halali, ihesabu. Isiwe ndiyo sababu.

Zipo njia za katikati ambazo barua yako haikuzitaja. Mnaweza kubaki na nyumba ya Minneapolis na kukodi Phoenix Januari hadi Machi, miezi ya barafu. Bei ya kukodi huwa juu sana msimu huo kwa kuwa kila mtu anakimbilia huko, na mkizidisha siku 183 Minnesota mkiwa bado na makazi yenu hapo, jimbo litaendelea kuwatoza kodi ya mapato kama wakazi. Mnaweza kuhamia kule na kurudi kwa wajukuu Julai na Agosti. Basi nyumba ya jangwani haiachwi hivi hivi. Funga bomba kuu la maji, acha kiyoyozi kwenye nyuzi 29 hivi badala ya kukizima, na mtu apite kila wiki kumwaga maji vyooni, maana yaliyomo kwenye mkunjo wa bomba hukauka na harufu na mende hupanda kutoka kwenye mifereji. Tucson iko juu zaidi, kama mita 730, na joto lake hupungua nyuzi chache. Prescott iko mita 1,600 hivi na kiangazi chake kinavumilika, ila theluji huanguka, na wewe theluji ndiyo unayoikimbia.

Na ipo njia ya kukodi Phoenix kwa wiki sita kuanzia katikati ya Julai, nyote wawili, mkiwa na gari. Nyumba za kukodi msimu huo huwa nafuu kwa sababu wageni wameondoka. Nendeni kwa daktari, dukani na kanisani. Tafuteni kama kuna kwaya ya Kiswahili, iko umbali gani na inafikika kwa njia gani. Siku moja mama aende kila mahali bila wewe.

Hiyo siku moja naiona kuwa nzito kuliko nyumba, bima na joto. Reli ya mji haifiki mitaa ile ya kaskazini-magharibi. Kigari cha gofu kinafika dukani, hakifiki kwa daktari bingwa upande wa pili wa mji. Leo dereva ni wewe. Ikitokea macho yako yakadhoofu ukiwa na 75, au ukatangulia, mama atabaki kwenye mji ambao mtu hawezi kusubiri basi kituoni mchana wa Julai, saa tatu na nusu za ndege kutoka kwa watoto. Sijui kama ndivyo anavyowaza. Wewe pia hujui, kwa kuwa hamjazungumza. Kwa kazi yake amekaa miaka na wazee ambao watoto wao wako mbali. Huenda ana picha kichwani ambazo wewe huna.

Kwa hiyo badala ya kumshawishi, pengine mwulize anaogopa nini hasa, na umsikilize mpaka amalize. Kisha nawe umwambie ulivyojisikia ukiwa chini kwenye barafu ile. Je, anajua kwamba unaogopa, au anajua tu kwamba unataka jua? Mwanaume wa kizazi chako anaweza kumwonyesha mke wake nyumba ya dola 365,000 kwa urahisi kuliko kumwambia hivyo.

Mwezi ukiisha, nyumba ile inaweza kuchukuliwa na mwingine. Nyingine zitauzwa, na mnunuzi anayekuja Agosti huwa na washindani wachache kuliko wa Februari. Niandikie tena mkishazungumza, na barua hiyo, kama yuko tayari, nusu yake aiandike mama mwenyewe.